Mlango wa Batoul

Mlango wa kwanza ulifunguliwa kwa kicheko, ukafungwa kwa matusi. Zoubeida alikuwa amekwenda kumwomba radhi jirani yake Zainaba kwa kueneza kuwa wali wake una mawe. Kumbe Zainaba hakuwa amewahi kulisikia neno hilo.

"Kwa hiyo ni wewe! Ndiyo maana Idi watu walionja kidogo wakaaga!"

Zoubeida alijitanda vizuri shiromani yake, ile nguo kubwa nyekundu ya wanawake wa kisiwa cha Ndzuani, akashuka vidato mkono kifuani.

Wiki moja nyuma alikuwa Moroni, kisiwa cha pili, kwa mwanawe Soidri, karani aliyeachishwa kazi serikali ya mapinduzi ilipofunga ofisi. Soidri ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari alimsikiliza kifua, akamsikiliza mgongo, kisha akaweka chombo chake mezani.

"Moyo umechoka, mama. Usibebe ndoo. Usigombane na mtu."

"Na kuzungumza?"

"Zungumza."

"Basi nitaishi," alisema Zoubeida. Daktari hakucheka.

Kutocheka kule ndiko alikorudi nako kwao Mutsamudu. Maisha yake yote nyumba yake ilijaa watu, na aliamini kuwa siku yake ikifika vichochoro havitapitika. Lakini sasa shughuli kubwa zilikuwa zimepigwa marufuku na serikali hiyo, za arusi na za matanga: hakuna kuchinja ng'ombe, hakuna pilau ya mtaa mzima. Atakayekuja atakuja kwa kumpenda tu. Aliwapanga kichwani akiwa melini, njiani kurudi. Hawakujaza hata baraza moja.

Ndipo akaanza kubisha hodi. Wengine, wanapoagana na dunia, huomba radhi kwa jumla, neno moja tu, nao watu hujibu wamesamehe. Zoubeida hakutaka ya jumla. Alitaka kila neno alilolisema lifutwe peke yake. Kwa siku nne mtaa ulijifunza mambo ambayo haukuwa unayajua.

"Punguza, dada," alimsihi Ousseni mshona kofia. "Ukiendelea kuomba radhi hivi, utatugombanisha sote kabla hujafa."

Ukabaki mlango wa Batoul, shoga yake wa tangu utotoni. Miaka miwili walikuwa wakipishana kama watu wasiojuana.

Batoul alikuwa ameketi mkekani akimenya mbaazi. Hakuinuka.

"Mwaka ule wa uhuru," Zoubeida alianza, "nilisema binti yako Nouriat kaonekana bandarini na baharia. Mchumba wake, yule wa mji wa Mirontsy, akarudi nyuma."

"Ulimwona?"

"Niliona shiromani yake. Uso sikuuona."

"Siku ile alikuwa kaiazimisha."

"Kwa nani?" Neno lilimtoka kabla hajalishika.

"Zoubeida!"

"Usiniambie. Wallahi, usiniambie." Aliketi kizingitini. "Nisamehe, dada. Daktari kasema..."

"Najua alichosema. Mtaa mzima unajua." Batoul alipasua ganda jingine. "Leo sikusamehe. Njoo kesho."

"Na kesho nikiwa sipo?"

"Ndiyo maana nakwambia uje."

Akaja. Akaambiwa kesho. Akaja tena, akaambiwa kesho, na siku ya tatu akasukumiwa fungu la mbaazi ili mikono isikae bure. Nouriat alipotoka kufundisha alipita kimya, akaingia ndani. Zoubeida alimsikia akiimba huko chumbani, sauti nyembamba, nzuri, ambayo miaka yote ya kumsema hakuwahi kuisikiliza. Alitamani kusema neno; akaendelea kumenya.

Mwezi ukapita. Habari zilimfikia kama kawaida, fulani kaachwa, fulani kahamia kwa mkwe, zikafika kwake zikalala hapo hapo. Zainaba, aliyekuwa amekwisha kumrudia kwa udadisi, alimkamata kichochoroni.

"Kule kwa Batoul mnazungumza nini kila siku?"

"Mbaazi."

"Mbaazi tu?"

"Zina mengi," alisema Zoubeida, akapita.

Alasiri moja alipiga hodi, mlango ukafunguliwa na Nouriat. Walitazamana. Kwa mara ya kwanza Zoubeida aliutazama uso ule kwa makini: macho ya mama yake, na kovu dogo juu ya unyusi.

"Mama hayupo. Amekwenda msibani."

"Haya, mwanangu. Nitarudi kesho."

Alikuwa amekwisha kugeuka, mkono kifuani, aliposikia sinia ikikwaruza sakafu.

"Mbaazi zipo," alisema Nouriat, akajisogeza pembeni mwa mkeka.