Gari la Kikundi

Saa moja kasoro asubuhi Sufiani alikuwa ameshafungua kifuniko cha rejeta na kuwasha injini. Alisimama pembeni, mikono kaificha kwapani kwa baridi ya Julai, akayatazama maji. Dakika mbili hazikuisha. Mapovu yalianza kupanda, kwanza moja moja, kisha kwa mafungu kama sufuria ya maharage, na injini yenyewe ilikuwa bado haijapata moto. Nyuma, kwenye eksozi, ulitoka moshi mweupe mzito usiotaka kukata. Akachomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa, akaichovya tena. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Hakuhitaji kupima kitu kingine. Silinda hedi ilikuwa na ufa, maji yalikuwa yanaingia kwenye oili, na gari lile halikuwa na safari ndefu iliyobaki.

Lilikuwa shangingi la dizeli, la rangi ya fedha, lenye milango mitano. Lilitembea Japani miaka kumi na mitano, likapanda meli, likatembea Dar es Salaam mingine mitatu, ndipo Ashraf akalinunua kwa watu waliokwisha kulichoka na kulileta kwenye yadi yake Tunduma, kando ya barabara ambayo malori ya kwenda Zambia hulala foleni. Kwa nje lilipendeza. Lilikuwa limepigwa rangi upya, na viti vyake vilikuwa vimevalishwa vitambaa vya maua.

Ashraf alifika saa mbili, akasikiliza maelezo ya fundi wake bila kuzima simu aliyokuwa akiichezea. Alisema kubadilisha silinda hedi si jambo la leo, na wateja wanakuja saa nne. Akampangia kazi: amwage oili yote na kuweka nzito kuliko ile, atie ndani ya rejeta ile pauda ya kuziba, aondoe temostati ili maji yazunguke upesi. Sufiani aliitikia kwa kila moja. Zilikuwa kazi alizokwisha kuzifanya kwa magari mengine.

"Na ile geji ya joto," Ashraf alisema, "uifunge mshale ukae katikati."

"Bosi, likichemsha dereva hatajua."

"Ndiyo nataka asijue."

Mwaka uliotangulia fundi mwenzake, Abrahamu, alikataa kazi ya namna hiyo. Ilipofika jioni begi lake lilikuwa nje ya geti. Abrahamu alikuwa mtu wa Mbozi, akapanda gari akaenda kwao. Sufiani kwao ni Muheza, siku mbili njiani, na huko nako hapakuwa tena na wa kumfungulia mlango. Mkewe, Mwanamvita, aliivumilia baridi ya Tunduma miaka miwili, akarudi na watoto, na mwishowe akaolewa na mwingine. Watoto walikuwa wakimpigia simu siku za Idi. Chumba alicholala kilikuwa nyuma ya yadi, na hata spana alizoshika zilikuwa za Ashraf. Kwa miaka tisa mji mzima ulimjua kwa jina la fundi, na msikitini watu walimwitikia salamu wakatoka na jamaa zao.

Akaingia chini ya dashibodi na bisibisi. Ilimchukua robo saa.

Wateja walikuja wawili. Mmoja alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, amevaa sweta juu ya kitenge. Jina lake Tabita. Mwingine alikuwa Raphaeli, mdogo wake, ambaye aliwahi kuendesha lori la mahindi na ndiye angekuwa dereva. Tabita alieleza kwamba gari si lake. Ni la kikundi cha akina mama kumi na wawili wa kijijini kwao, juu ya Vwawa, ambao kwa misimu miwili walikuwa wameweka pamoja fedha za kahawa. Walitaka chombo cha kuwateremsha wagonjwa na wajawazito hadi hospitali, na siku nyingine kibebe mizigo ya sokoni kijilipie mafuta. Masika yaliyopita mkwe wa mmoja wao alijifungulia njiani, juu ya pikipiki, na mtoto hakupona. Alilisema hilo kwa sauti ile ile aliyosemea bei ya kahawa.

Walilijaribu gari hadi karibu na mpaka na kurudi. Sufiani alikaa nyuma. Tabita alikaa mbele, macho yake yote kwenye dashibodi, wala hakutazama njia.

"Mwanangu aliniambia, mama, usijali rangi, tazama huo mshale," alimwambia Sufiani waliporudi. "Haukutikisika hata kidogo."

Sufiani alijibu kuwa ni kweli, haukutikisika.

Wakati Ashraf anaandaa karatasi, Tabita alikaa kwenye tairi kuukuu akafungua kikapu chake. Alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha na chupa ya chai. Alimmiminia Sufiani kwanza, kabla ya mdogo wake, kwa kuwa alikuwa ameshinda na baridi tangu asubuhi. Akamuuliza kwao ni wapi, na aliposikia Muheza akauliza huko wanalima nini, na kama mama yake yu hai, na hapa Tunduma anapikiwa na nani. Yalikuwa maswali ya kawaida, ambayo mtu huyauliza huku anamenya kiazi. Sufiani alijikuta hawezi kuyajibu upesi, kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajayasikia. Alisema mama alikwisha kufariki na kwamba anajipikia. Tabita akampa viazi vingine viwili avitunze kwa jioni.

Pale ndipo angeweza kusema. Ashraf alikuwa ndani, dirisha limefungwa. Sufiani alishika kikombe, akalitazama gari, na maneno yalifika hadi kinywani. Kisha mlango ukafunguliwa, Ashraf akamwita aje aweke sahihi.

Karatasi ilikuwa imechapwa tangu zamani, ikibadilishwa majina tu. Ilisema mnunuzi amelikagua gari pamoja na fundi na ameridhika na hali yake kama lilivyo. Chini palikuwa na mstari wa muuzaji, mstari wa mnunuzi, na mstari wa fundi. Tabita aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa. Sufiani akaandika la kwake chini ya lile. Kabla ya kuondoka mama yule alimwomba namba ya simu, likileta shida wapate wa kumuuliza, naye akampa.

Simu ililia saa nane na nusu. Gari lilikuwa limezima kwenye kilima, kabla kidogo ya kuacha lami, na halikuwa likiwaka tena. Tabita alikuwa akiongea taratibu, kama anayeogopa kusumbua. Sufiani alimwambia asubiri. Ashraf, aliposikia, alisema akitoka getini kwenda huko asirudi. Alitamka hivyo bila hasira, kisha akaendelea na hesabu zake. Sufiani aliingia chumbani, akachukua koti, akafunga kibegi chenye nguo zake, akaacha spana zote mezani isipokuwa moja aliyoinunua mwenyewe. Akapanda basi dogo la Kosta liendalo Mbeya.

Aliwakuta wamekaa ukingoni, Raphaeli kajiinamia. Gari lilikuwa katikati ya njia ya kupandia, malori yakilikwepa kwa honi. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka na ndani hamkuwa na tone. Raphaeli alieleza kwamba lilianza kukosa nguvu, kisha likagonga kwa ndani kama mtu anayegongagonga debe, yeye akitazama geji na kuona kila kitu sawa, akaendelea kulikanyaga. Sufiani alipachika spana kwenye puli ya mbele akajaribu kuizungusha injini kwa mkono. Akaning'inia kwa uzito wake wote. Haikusogea.

"Imenoki," alisema. "Imekufa."

Tabita aliuliza kama inatengenezeka. Alimwambia inahitaji injini nyingine. Mama yule akaanza kukunja na kukunjua pindo la kitenge chake.

Trafiki mmoja alifika kwa pikipiki kabla hawajasema zaidi. Aliuliza kwa nini gari limeziba barabara na viakisi viko wapi. Havikuwamo; Ashraf hakuwapa. Raphaeli akajaribu kueleza kwamba wamelinunua leo leo, hata saa sita hazijaisha, akatoa ile karatasi. Trafiki aliisoma akiwa amekaa juu ya pikipiki, akawarudishia. Alisema ipo sawa, wamekubali wenyewe kuwa wamelikagua, na sahihi ya fundi ipo hapo kuthibitisha.

"Fundi mwenyewe ni mimi, afande," Sufiani alisema.

Wote watatu wakamtazama.

"Hedi ilikuwa na ufa. Niliona asubuhi. Nikaambiwa niifiche, nikaificha. Na geji niliifunga mimi kwa mkono wangu. Andika hivyo, nitaweka sahihi."

Trafiki alimtazama kama mtu anayepima uzito wa kazi iliyo mbele yake. Alimwambia yeye ni wa barabarani, mambo ya mauziano yana ofisi zake, waende Tunduma walikonunulia. Akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba mtu mzima hajitafutii kesi. Kisha akaandika faini ya kuziba njia na kukosa viakisi. Tabita alifungua fundo la kitenge akatoa fedha iliyowekwa kwa ajili ya dizeli. Afande alizihesabu, akatia mfukoni kitabu chake cha stakabadhi, akawataka wakiondoe chombo, akaenda zake.

Sufiani aliomba kalamu kwa Raphaeli. Alitaka kuyaandika yale maneno nyuma ya karatasi ile ile, wapate cha kuanzia. Tabita akaivuta karatasi, akaikunja.

"Sahihi yako nimeiona asubuhi," alisema. "Ilikuwa nzuri."

Hakuwa amepaza sauti. Sufiani angefurahi kama angetukanwa. Alitaka kumwambia kwamba viazi viwili bado vimo mfukoni mwake, hajavila, na akaona ni neno la kipumbavu, akalimeza.

Walikaa hivyo hadi saa kumi na moja, lilipopita trekta la jirani yao likirudi kutoka shambani. Mwenye trekta alikubali kuwavuta. Kamba ilikuwepo, lakini lilizuka jingine: gari likishakufa injini, breki huwa ngumu na usukani mzito kama jiwe, na njia ya kwenda kwao ina makorongo. Raphaeli alitikisa kichwa, akarudi nyuma hatua mbili. Sufiani alisema atakaa yeye kwenye usukani. Hakuna aliyemkataza. Tabita na mdogo wake wakapanda trekta.

Walipanda mlima taratibu, yeye peke yake ndani ya gari, miguu yote miwili juu ya breki kila penye mteremko, mabega yakimuuma. Mbele yake aliona migongo miwili iliyokaa kwenye trekta, na hakuna uliogeuka. Vumbi liliingia kwa madirisha. Kando ya njia palikuwa na mibuni, migomba, na watu waliosimama na majembe begani wakitazama. Mshale wa geji ulikuwa bado katikati. Aliupiga kofi, ukabaki pale pale.

Kijijini walikuwa wanasubiriwa. Hilo Sufiani hakulijua. Mbele ya kanisa akina mama walikuwa wamesimama mistari miwili, wamevaa vitenge vya sare, na matawi yalikuwa yamechomekwa pande zote za njia ili gari lipite katikati yake. Walianza kuimba waliposikia mngurumo. Trekta lilipokata kona waliendelea kidogo, halafu walio mbele wakaiona kamba, wimbo ukapungua sauti moja baada ya nyingine, hadi ukabaki mngurumo wa trekta, nao ukazimwa.

Tabita aliteremka, akasimama mbele ya wenzake. Watoto walilizunguka gari wakagusa rangi yake.

Bibi mmoja mzee, aliyeona kwa shida, hakuwa ameelewa kwa nini watu wamenyamaza. Alijitoa kwenye mstari na fimbo yake, akafuata bodi ya gari kwa mkono hadi kwenye dirisha la dereva. Alimsalimia Sufiani kwa Kinyiha, kisha kwa Kiswahili. Akaingiza mikono yote miwili dirishani akaushika mkono wake uliokuwa bado kwenye usukani.

"Karibu, baba," alisema. "Tumekungoja siku nyingi. Karibu nyumbani, dereva wetu."

Mikono ya bibi ilikuwa ya moto na mikavu. Sufiani aliiacha imshike. Nyuma ya bibi akina mama wengine walikuwa wakimtazama Tabita, na Tabita sasa alikuwa akimtazama yeye, akingoja aone atasema nini.

Akafungua mlango taratibu, akateremka, bibi akaushika tena mkono wake; kwa ule mwingine akavua kofia.

"Mimi si dereva, bibi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi ndiye fundi. Gari lenu nimeliua mimi, na aliyenituma anaitwa Ashraf, yuko Tunduma, na kesho nitawapeleka kwake."

Bibi hakuuachia mkono wake mara moja. Alibaki ameushika, uso kauinua, kana kwamba anatafuta maneno yale yametoka upande gani. Kisha akauachia.