Gesi ya Mama Mkwe

Asubuhi ya siku ya tatu, Ojiambo aliuweka mkebe wa gesi ndani ya beseni la maji, akaupigia magoti. Ukaelea kama ganda la yai. Mkebe uliojaa huzama hadi shingoni. Huu ulitoa nje kifua na tumbo bila haya. Alijua maana yake. Gesi iliyobaki ingechemsha sufuria moja, si mbili.

Na taabu yake yote ilikuwa ni hizo sufuria mbili.

Alipopanga safari hii ya kupiga kambi, kutoka Busia kupitia Tororo na Nagongera, alihesabu watu wawili: yeye na mkewe, Peace. Mkebe mmoja, siku tatu. Wiki nzima aliirudia hesabu hiyo, kisha akamwomba Mungu aibariki. Ndipo mama mkwe wake, Amulen, alipoomba lifti hadi Sop Sop, kwa dada yake aliyeolewa huko. Nani angemkatalia? Wakatundika kanga katikati ya gari, mama nyuma, mkwe mbele, wakasafiri kwa heshima.

Lakini mtu na mama mkwe wake hawali wakitazamana, wala hawasemezani. Katika miaka minne ya ndoa, Amulen hakuwahi kumwambia Ojiambo neno hata moja. Basi chakula kikiiva, mama hupelekewa kwanza nyuma ya gari, akala taratibu kama mtu asiye na safari, Ojiambo akingoja amalize, na chake, kilichokwisha kupoa, hurudishwa jikoni. Kila mlo uliwekwa motoni mara mbili. Hilo hakuwa ameliombea.

Sasa walikuwa Nabuyoga, kwenye uwanja wa kanisa. Mvua ilinyesha usiku kucha na kila ukuni ulikuwa umelowa. Kwenda kuomba moto kwa jirani huku mama mkwe ameketi garini ni kujitangaza kwamba umeshindwa kumlisha. Na Sop Sop haikuwa mbali. Amulen akifika bila chai tumboni, dada yake angeuliza, naye angejibu, na kabla jua halijatua Ojiambo angekuwa yule mkwe aliyemsafirisha mama wa watu na njaa. Jina la namna hiyo halifutiki. Mwanawe Marvin, aliyebaki nyumbani, angelirithi.

Akamwambia Peace, kwa sauti ya kusikika, kwamba chai iwe ya mama peke yake. Yeye leo amefunga, anautafuta uso wa Mungu.

Nyuma ya kanga, Amulen akamwita bintiye, akamnong'oneza kitambo kizima. Peace akarudi akiuma midomo asicheke.

“Mama anauliza umefunga tangu lini. Anasema tangu saa kumi na mbili anasikia maganda ya karanga yakipasuka huko mbele.”

Ojiambo akajifuta mdomo.

“Tena anasema ukae upande huu wa gari, utazame kanisa. Yeye atakaa upande ule, atazame shamba la mihogo. Mtakunywa chai ya sufuria moja, na hakuna atakayemwona mwenzake.”

Ikawa hivyo. Ojiambo akalikinga jiko na upepo kwa gurudumu la gari, akafungua gesi hadi mwisho, kama alivyofanya siku zote tatu, asije akaonekana bahili mbele ya mama wa watu. Moto ukanguruma, ukailamba sufuria hadi ukingoni. Akaukumbatia mkebe kwa kiganja ili upate joto na gesi iliyobaki itoke, huku akisali. Maji yakachemka, yakaruka, moto ukaendelea kunguruma.

“Baba Marvin.”

Alidhani ni Peace. Lakini Peace alisimama mbele yake na vikombe mkononi, kinywa wazi.

“Punguza moto,” ikasema sauti kutoka ng'ambo ya gari. “Maji yakishachemka hayachemki zaidi.”

Miaka minne Ojiambo alikuwa amejiandaa kwa neno hilo la kwanza. Alilitarajia liwe baraka, pengine na machozi kidogo. Hakujua kama kujibu ni adabu au ni kuikosa. Akakaza macho yake kanisani kama alivyoagizwa, mkono wake ukapapasa, ukazungusha koki ya gesi. Moto ukashuka.

“Bado,” sauti ikasema.

“Ndiyo, mama,” Ojiambo akaliambia kanisa, akapunguza tena.