Glasi Iliyopinduliwa kwa Ardis

Kila Ijumaa jioni, kiangazi chote, mimi na mume wangu Orrin tunawazungusha watu ziwani kutoka baa moja hadi nyingine. Boti yetu ni bapa, ina paa la turubai, na inabeba abiria kumi na wawili, au kumi wakiwa wamekula vizuri. Orrin anaendesha. Mimi nafunga kamba, nawashika mkono wanaopanda na wanaoshuka, na wakianza kuimba najifanya kiziwi.

Baa ni tatu. Kwa Stosh watu wanakula samaki wa Ijumaa. Nanga Iliyopinda kuna kinanda na kuna sakafu ya kuchezea. Ya mwisho ni kwa Ardis, upande wa misonobari, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikiniumiza kichwa. Kila Ijumaa, kwenye kona ya kaunta ya Ardis, anakaa shemeji yangu Verlyn, mdogo wake Orrin, baba mmoja mama mmoja. Na ndugu hao walikuwa na miaka sita hawasemeshani.

Mtu wa mbali atadhani waligombea ardhi au mwanamke. Wapi! Waligombana kwa sababu ya kulungu.

Baba yao alifariki Novemba ya mwaka ule. Orrin, mkubwa wa nyumba, akaenda kwa padri kupanga mazishi, akarudi na tarehe: Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda kulungu. Hapa kwetu Wisconsin siku hiyo hata mwizi haibi, yuko msituni na bunduki yake. Orrin anasema alichanganyikiwa kwa msiba, na padri hakuwa na siku nyingine. Mimi namwamini, nimelala naye miaka thelathini na tano namjua. Lakini Verlyn alimwambia mbele ya watu, "Mzee mwenyewe asingekuja mazishi hayo." Siku ilipofika hakuja. Tulimzika baba mkwe na kiti cha mwanawe kikiwa kitupu, na mimi ndiye niliyekuwa napakua viazi kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa huku wanakijiji wakiniuliza Verlyn yuko wapi, kama vile hawajui. Nilikasirika kuliko hata Orrin. Baadaye hasira yangu ikaisha, ya Orrin ikabaki.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Nilikuwa nimelima mpaka jembe limebaki mpini.

Halafu mwaka huu binti yetu Kendra akapata mchumba. Harusi ikapangwa Septemba. Verlyn ndiye aliyemsimamia ubatizo, ndiye aliyemfundisha kuogelea, na mtoto yule anampenda baba yake mdogo hata aibu hana. Mwezi Juni akatukalisha mezani, akamwambia baba yake, "Baba mdogo asipokuja, mimi nitaolewa mahakamani Chicago, na msije. Na sitamwalika mimi wala mama. Utamwalika wewe, kwa mdomo wako." Orrin akasema sawa. Ikapita Ijumaa ya kwanza, ikapita ya pili. Julai ikaanza kuisha.

Kila tulipofika kwa Ardis, Orrin hakuwa anashuka. Aliniacha niingie na abiria, yeye akabaki kukagua injini. Injini ile imekaguliwa kuliko ndege ya rais.

Ijumaa ninayoisimulia, boti ilikuwa imekodiwa na bibi mmoja aitwaye Myrna, anayetimiza miaka sabini, pamoja na mashoga zake. Wote walikuwa wamevaa mataji ya bati, naye alikuwa na mkanda begani ulioandikwa "Bado Mbichi". Tulipotoka Nanga Iliyopinda walikuwa wameshachangamka. Mkubwa wao kwa kelele alikuwa Phyllis, aliyekaa nyuma ya Orrin akimfundisha kuendesha.

"Nahodha, kata kushoto! Kushoto!"

"Kushoto ni nchi kavu, mama."

"Basi kata kulia, usijibizane na wateja!"

Nilimsogelea Orrin nikamwambia kwa sauti ya chini, "Leo unashuka?"

"Injini ina mlio siupendi."

"Mlio gani?"

"Ndiyo nataka kujua."

"Orrin Klumb, mlio huo ni wangu. Mtoto ataolewa kama yatima na wazazi wake tuko hai."

Alitazama mbele, na mimi nikatazama alipotazama, nikaona wingu jeusi limesimama juu ya misonobari. Radi ikapiga. Kwenye maji radi haina mjadala: ukiiona, unatafuta gati la karibu na kila mtu anatoka. Gati la karibu lilikuwa la Ardis. Tulilifikia mvua ikianza kumwagika kwa ndoo, mabibi wakakimbia na mataji yao wakipiga mayowe ya furaha, mimi nikafunga kamba ya mbele. Orrin alifunga ya nyuma, akarudi kukaa chini ya turubai.

"Unafanya nini hapo?" nikamfokea.

"Mvua itapita."

Radi ikapiga tena, karibu kiasi kwamba niliona kila sindano ya msonobari. Orrin akaruka gatini bila kuambiwa mara ya pili. Mungu ana njia zake, na nyingine zina kelele.

Ndani palijaa. Ardis, mwenye baa, ana miaka karibu themanini na macho yake yanaona vizuri mpaka mwisho wa mkono wake. Verlyn alikuwa mahali pake, kona ya mbali, kofia kichwani, na pembeni yake Phyllis alikuwa ameshajibanza akiagiza kwa sauti. Orrin aliingia amejifunika kofia ya koti la mvua, hakutazama upande ule, akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona kitupu, mwisho huu wa kaunta. Kiti hicho kilikuwa cha Myrna. Alikuwa ameinuka sasa hivi kwenda msalani.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nakamua nywele, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona yote.

Kwetu, mtu akikununulia kinywaji, muuzaji anapindua glasi ndogo tupu mbele yako, mdomo chini. Maana yake kinywaji chako kimeshalipiwa, chukua ukitaka. Haulizwi mtu swali. Muuzaji anakuonyesha kwa kidevu aliyekununulia, nawe unainua kichwa kumshukuru. Kuikataa glasi ile ni tusi. Kuinywa ni kusema hatuna neno.

Phyllis akamwinamia Ardis sikioni, akionyesha kiti cha Myrna kwa kidole; maneno yake aliniambia baadaye. "Mpe shoga yangu kimoja, yule aliyekaa mwisho kule."

Ardis akaenda mwisho kule, akaona mtu kwenye kiti, akapindua glasi mbele yake, pap. Akaelekeza kidevu kona ya mbali, akaondoka zake kukaanga jibini.

Orrin akaitazama ile glasi. Akafuata kidevu cha Ardis. Phyllis alikuwa ameinama kuokota mkoba wake chini, hivyo aliyeonekana kwenye kona ile alikuwa mtu mmoja tu, na mtu huyo, kwa bahati, ndiyo kwanza ameinua uso.

Nilitaka kusema. Naapa nilifungua mdomo. Halafu nikaufunga, na sijutii hata kidogo.

Orrin alikaa na ile glasi muda mrefu. Aliigusa, akaizungusha, kama mtu anayejaribu maji kama ni ya moto. Mwisho akamwita Ardis. Nahodha hanywi kileo, lakini glasi iliyopinduliwa inakubali chochote, na yeye akaomba soda yake ya siku zote, yenye cheri mbili kama ya mtoto. Akaiinua kuelekea kona ya mbali. Verlyn akabaki anatazama kama amemwona marehemu. Orrin akainywa yote, mpaka barafu ikamgonga meno.

Hapo ndipo Myrna alipotoka msalani.

"Nani amekaa kwenye kiti changu? Na Phyllis kasema kaninunulia..."

Nilimdaka mkono. "Mama, njoo nikuonyeshe samaki."

"Samaki gani? Nimekula samaki leo mpaka natoa magamba!"

"Hawa wamekaushwa. Wako ukutani. Njoo."

Nilimburuta hadi ukutani, nikamwambia yote sikioni, haraka haraka, kulungu na mazishi na harusi. Bibi yule akanisikiliza mpaka mwisho. Akavua taji lake la bati, akalishika kifuani kama tuko ibadani. "Basi anywe," akanong'ona. "Anywe hata mbili."

Tulipogeuka, Orrin alikuwa ameshasimama. Alikuwa anatembea kuelekea kona. Nikaanza kuomba, kwa sababu Verlyn nilimjua: mtu wa kusema kweli hata mahali ambapo kweli haijaalikwa.

Orrin akasimama mbele ya mdogo wake. "Ahsante kwa glasi."

"Glasi gani?" akasema Verlyn.

Nikafumba macho.

"Ile uliyoninunulia."

"Mimi sijakununulia kitu, kaka."

Baa nzima ilikuwa inasikiliza sasa, hata wanaojifanya wanatazama mvua. Phyllis, masikini, akaingiza mdomo: "Ile ilikuwa ya Myrna! Ardis, wewe umempa nani?" Shingo ya Orrin ikawa nyekundu mpaka masikioni. Nilijua anachofikiria. Angegeuka, angetoka, angekwenda kukaa na injini yake mpaka tufe wote.

Verlyn akavua kofia. "Ngoja," akasema. "Ulidhani ni mimi?"

"Nilidhani ni wewe."

"Na ukakubali?"

"Nimeshakunywa, Verlyn. Unataka niitapike?"

Verlyn akaanza kucheka. Kicheko chake ni kile kile cha baba yao, kinachoanza tumboni na kuchelewa kufika mdomoni. Orrin alijizuia, akashindwa, mabega yakamtikisika. Hawakukumbatiana, hao si watu wa kukumbatiana. Verlyn alisogeza kiti cha pembeni kwa mguu, Orrin akakikalia, na mimi nikaenda msalani nikalia kwa raha zangu.

Niliporudi walikuwa wanaongea. Verlyn alikuwa amekunja kofia mikononi.

"Siku ile nilipanda kwenye kibanda cha mzee, kile cha juu ya mti," alisema. "Kengele ya kanisa niliisikia. Akapita dume la kulungu chini yangu, pembe hizi hapa. Sikuinua bunduki."

"Pembe zenye ncha ngapi?" akauliza Orrin.

"Kumi."

"Na hukupiga?"

"Nilikuwa nalia, mjinga wewe, ningeona wapi pa kulenga?"

Orrin akakuna shingo. "Ile tarehe nilikosea," akasema. "Ningemwambia padri asubiri. Mzee hakuwa anakwenda popote."

Nilidhani sasa ndiyo atasema la harusi. Thubutu! Wakaingia kwenye habari za samaki. Wakatoka kwenye samaki wakaingia kwenye magugu yanayoziba ghuba, wakatoka huko wakaingia kwenye goti la Verlyn. Mvua ikapita. Jua la Julai, linalochelewa kulala, likatokea tena chini ya wingu, na ziwa lote likang'aa. Mabibi walikuwa wameshamnunulia Myrna glasi nne zilizopinduliwa na alikuwa amezipanga mbele yake kama sahani za kabatini. Mimi nilikuwa namkonyeza Orrin mpaka jicho likauma. Hanioni.

Nikasema tuondoke. Kuondoka kwetu si jambo la dakika moja. Walisimama, wakaongea wamesimama. Wakafika mlangoni, wakaongea mlangoni. Wakatelemka gatini, wakaongea kuhusu mbao za gati. Abiria wote walikuwa wameketi, wanatazama kama wako mechini. Mimi nilifungua kamba ya mbele, Verlyn mwenyewe akafungua ya nyuma na kuitupa ndani. Orrin akawasha injini. Haikuwa na mlio wowote.

Tukaachana na gati. Nikaona tumeshaenda urefu wa boti moja, mbili, na neno halijasemwa, nikajua nitamsukuma majini mimi mwenyewe na nitamweleza hakimu. Ndipo Orrin alipozima injini, akasimama, akaweka mikono mdomoni.

"Verlyn! Kendra anaolewa Septemba! Uje!"

Verlyn alikuwa amesimama ukingoni mwa gati. "Septemba ngapi?"

"Ya ishirini! Kulungu bado hawajafunguliwa, nimeangalia!"

Maji yakagonga chini ya boti. Hata Phyllis hakusema kitu.

"Nitakuja!" Verlyn akapiga kelele, na sauti ikamkatika katikati, akairudia ili ifike. "Nitakuja, kaka! Hata wangefunguliwa!"

Mabibi wakapiga makofi na kupunga mataji. Orrin alikaa chini taratibu, akashika usukani lakini hakuwasha injini. Boti ilikuwa inaelea yenyewe. Mimi nilikaa karibu naye, nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana tangu siku ile ya viazi chini ya kanisa.

"Umesikia?" akaniuliza. "Hata wangefunguliwa."

"Nimesikia," nikasema. "Endesha, Orrin. Tukampigie mtoto simu."