Mchoro Uliokuzwa

Mafundi wenzake walimwita Bi Waya. Kazi yake ilikuwa kuunda bodi za kuendeshea pampu za maji. Michoro ya saketi ilitoka kwa kaka yake, aliyeishi mji mwingine. Aliichora kwenye kompyuta, kisha akamtumia. Baba na mama walikwisha kufariki, wakabaki wao wawili tu.

Kaka alipenda kutuma picha. "Picha inafunguka kwenye simu yoyote, mdogo wangu. Haina longolongo."

Ila mwaka ule Bi Waya alianza kulalamika. Picha ukiikuza, mistari inakuwa ukungu, na nane inafanana na tatu.

"Nitumie PDF, kaka, ile inayotoka moja kwa moja kwenye programu. Mistari yake haichakai hata uikuze vipi. Au nipe faili lenyewe la mchoro."

"Faili lenyewe la nini? Unataka kunisahihishia kazi?"

"Sijasema hivyo."

"Miaka yote unasoma picha. Leo zimekuwaje?"

Alitaka kumwambia. Daktari alikuwa ameshamweleza kwamba ana presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Lakini akaghairi. "Basi tu, kaka," akasema.

Kaka akanuna. Mchoro uliofuata ukaja kwa picha, kama kawaida yake. Bi Waya akasogeza uso hadi pua ikakaribia kioo, akakisia namba ya rezista moja, kile kijipande cha kupunguza umeme, akaiunga. Siku ya majaribio bodi ikafuka moshi, na pampu ikaungua nayo. Mwenye pampu akaibeba pampu yake iliyoungua, akaondoka.

Kaka aliposikia akaja mwenyewe, amefura. Alipoingia karakana alimkuta dada yake akipapasa meza, akitafuta koleo iliyokuwa palepale, kando ya mkono wake. Hasira zote zikamwisha.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kukusumbua na mafaili."

Kaka akavuta kiti, akakaa. Akafungua kompyuta, akamwekea PDF, na faili lenyewe pia, bila kuombwa tena. Akaukuza mchoro hadi rezista moja ikajaa kioo kizima, mistari yake safi kabisa.

"Unaiona?"

"Naiona, kaka. Ila sioni waya wake unakwenda wapi."

Kaka akageukia ukutani. "Ningejua, wallahi ningekutumia."

"Ungenitumia, sawa. Lakini PDF haitibu macho." Bi Waya alijaribu kucheka, cheko likamkatikia njiani.

Karakana ilifungwa kabla mwezi haujaisha. Fundi mwingine aliyeanza kupokea michoro ya kaka alipomwomba aina fulani ya faili, kaka alimtumia kila aina, wala hakuuliza sababu.

Siku hizi Bi Waya anakaa kwa kaka yake. Asubuhi humsikia chumba cha pili akibofya kompyuta, akichora. Haulizi anachora nini.