Benchi la Wenye Bei Zao

Usiku wa kuamkia jana, Mbaraka Singano aliota kitasa cha mlango wa ofisi yake kikimwomba kitambulisho. Akakitoa. Kitasa kikaitazama picha, kikamtazama usoni, kikasema, "Hapa ulikuwa mwembamba," kisha kikamfungulia. Nayasimulia haya kama alivyonisimulia mwenyewe tukisubiri basi, na chumvi sikuongeza ila palipokuwa na upungufu.

Kwanza mjue ni nani. Mbaraka ni dalali wa hisa pale Dar es Salaam, mtu mpole, nadhifu, na mkono wake mgumu kufunguka. Kazi yake ni kuwanunulia na kuwauzia watu hisa za makampuni, na kila mteja mpya humpa somo lile lile. "Ukiweka oda ya soko," huwaambia, "maana yake umesema nipe sasa hivi, kwa bei yoyote iliyopo. Hisa utapata, bei huijui. Ukiweka oda ya kikomo, bei unaitaja wewe. Hapo bei unaijua, ila hisa zenyewe huenda usizione mpaka uote mvi." Yeye ni mtu wa kikomo tangu tumboni mwa mama yake. Wauza mashati wa Kariakoo wakimwona kwa mbali huanza kukunja bidhaa.

Sasa, kwenye harusi ya binamu yake, watu wanakula na kutaniana, shemeji mmoja akamuuliza, "Mbaraka, ukirudishwa nyuma leo, utamwoa tena Saumu?" Saumu ni mkewe, na alikuwa amekaa pale pale ubavuni pake. Mbaraka akafuta mdomo, akajibu, "Kwa bei ya leo? Ningesubiri kidogo ishuke." Ukumbi mzima ukacheka. Saumu naye akacheka, hata akapiga kofi mezani. Asubuhi yake akapanda basi kwenda kwao Korogwe.

Angemfuata siku ile ile, habari ingekwisha kwa kikombe cha chai. Lakini Mbaraka akaweka kikomo chake: Saumu apige simu kwanza. Utani ni utani, alisema, na aliyeondoka ndiye arudi. Majuma yakapita, simu kimya. Akawa anakula mkate mkavu akiwa amesimama, na usiku analala upande wake tu wa kitanda, ule wa pili hauendi hata kwa bahati mbaya. Alimpenda mkewe. Hilo nalisema mapema asije mtu akadhani vingine. Alimpenda, ila kwa masharti ya dalali.

Kisha baba mkwe wake, Mzee Shemndolwa, akamtumia maneno machache: "Swala ya Ijumaa ikipita hujaja, tutajua umemwacha." Ndoto ilimjia usiku wa kuamkia Alhamisi.

Turudi mlangoni. Ndani ya ofisi hamna ofisi. Mna ukumbi mpana kama stesheni ya reli, na ukutani ule ubao wa bei ambao Mbaraka huutazama kutwa. Majina ya makampuni yameondoka. Badala yake pameandikwa: Chai ya Asubuhi. Kukunwa Mgongo. Kuulizwa Umeshindaje. Na juu kabisa, kwa herufi nene: Kurudi kwa Saumu.

Kwenye kaunta umekaa mzani wa dukani, wa sahani mbili, umevaa miwani.

"Karibu, mheshimiwa. Unatafuta nini?"

"Kurudi kwa Saumu."

"Ipo. Muuzaji ni mwenyewe. Bei yake ni neno moja la kweli, lisemwe mbele ya watu, kama lile la uongo lilivyosemwa mbele ya watu."

Mbaraka anatoa kile kicheko chake cha kazini. "Mimi nina bei yangu. Apige simu yeye kwanza."

"Oda ya kikomo," unasema mzani, na sahani yake moja inashuka polepole. "Basi tazama miguuni."

Anatazama. Sakafu imepasuka. Mtaro umepita katikati ya ukumbi, na ng'ambo ya mtaro ni ua wa kwao Saumu, Korogwe kabisa, na Saumu mwenyewe amekaa kwenye kigoda anachambua mchele. Upande huu ni bei anayotaka Mbaraka, upande ule ni bei anayotaka Saumu. Miaka nenda rudi amewaeleza wateja habari za pengo la bei. Hakuwahi kufikiri kwamba lina kina, wala kwamba ndani yake wanaishi vyura.

"Kakae benchi," unasema mzani. "Bei yako ikifika utaitwa."

Benchini kuna watu na vitu vilivyotangulia. Yupo bwana mmoja anayesubiri jirani yake amsalimie kwanza. Ndevu zimemfika magotini na mtu wa pili amezikalia. Upo mwavuli unaosubiri mvua ya kiasi, isiwe kubwa wala isiwe ya rasharasha. Lipo birika lililosusa kuchemka mpaka lisifiwe. Mbaraka anawaamkia wote kwa adabu. Yule bwana anamtazama vizuri, kisha anasema, "Wewe si jirani yangu," na anageukia mbele.

"Mnasubiri tangu lini?" Mbaraka anauliza.

"Oda zetu sisi ni hai mpaka zifutwe," linasema birika.

"Nani wa kuzifuta?"

"Aliyeziweka."

"Sasa mbona hamzifuti mwende nyumbani?"

Birika linamtazama kwa huruma. "Unaiona kazi ndogo hiyo?"

Basi anakaa. Nyasi zinaota kwenye viatu vyake. Anakuja mtu wa manispaa anazifyeka, anaondoka, zinaota tena. Ng'ambo, Saumu amemaliza mchele wa kwanza ameanza wa pili. Kila baada ya muda anainua macho kuelekea barabarani, anayaacha huko kidogo, kisha anayarudisha kwenye ungo. Mbaraka anaona. Anajua barabara ile inatokea wapi, na moyo unamchoma, lakini bei ni bei.

Ndipo anapohisi kitu cha joto miguuni. Mbwa amelala pale, kafunga tai, pua yake imegusa mstari wa chaki uliochorwa sakafuni ukapanda ukutani hadi ubaoni.

"Wewe nani?"

"Oda ya kuzuia hasara," anasema mbwa bila kufumbua macho. "Uliniweka Jumanne ukinyoa ndevu. Ulisema mambo yakiharibika kupita hapa, bora uachie vyote kuliko kuendelea kuumia. Hapa ndiyo huu mstari. Bei ikiugusa, naamka nauza."

"Unauza nini?"

"Vyote ulivyonavyo vya Saumu."

Mbaraka anataka kusema kwamba ile ilikuwa fikra tu ya mtu mwenye povu usoni. Lakini wateja wake nao husema hivyo hivyo, na yeye huwajibu kwamba oda ni oda.

Ng'ambo, Saumu anapiga chafya. Ni vumbi la pumba. Ubaoni, Kurudi kwa Saumu inatikisika, inashuka kidogo, inaugusa mstari, inapanda tena pale pale ilipokuwa. Mbwa amekwisha kusimama na kunyoosha tai.

"Ilikuwa chafya tu," anasema Mbaraka.

"Mstari haujui chafya," anasema mbwa, na anaanza kuuza.

Oda ya namna hiyo ikishaamka haichagui tena. Huuza kwa bei ya kwanza itakayosikia. Na pale ukumbini mnunuzi ni mmoja tu, mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake na kipaza sauti. Mbwa anamuuzia ile siku mvua ilipowakuta Tanga wakajifunika kanga moja. Anamuuzia harufu ya nywele zilizotoka kusukwa. Anamuuzia Saumu akigonga mlango wa bafu na kuuliza, "Umekufa humo au unaoga?" Kila kitu kinatupwa mkokoteni na kulia kama bati. Mwisho mbwa anatia pua kwenye mfuko wa shati la Mbaraka, anatoa jina, lile ambalo humwita Saumu wakiwa wawili tu, na linakwenda kwa bei ya sufuria lililotoboka.

"Futa," anasema Mbaraka. "Futa hiyo oda."

Mbwa anakaa chini. "Zilizobaki nimefuta. Zilizouzwa zimeuzwa."

Mkokoteni ukaondoka ukilia magurudumu. Mbaraka akalitafuta lile jina mdomoni, kama mtu anayepapasa kwa ulimi pengo la jino lililong'oka asubuhi. Halikuwepo. Akalia, tena kwa sauti, mtu mzima na tai yake. Birika likamwomba apunguze, kwa kuwa huenda mtu akapita kulisifu lisisikie.

Ng'ambo, Mzee Shemndolwa akatoka ndani na kengele mkononi, ile inayolizwa soko likifungwa.

"Shikamoo, baba," Mbaraka akaita.

"Marahaba. Nafunga."

"Baba, nisubiri kidogo."

"Mimi sina ufundi huo, mkwe. Wa kusubiri ni wewe."

Hapo Mbaraka akasimama. Nyasi za viatuni zikakatika, na yule bwana wa ndevu akasogea haraka kuchukua nafasi yake, maana benchi lile watu huligombania. Mbaraka akaenda kaunta.

"Nafuta kikomo. Niwekee oda ya soko."

"Kwa bei gani?" ukauliza mzani.

"Iliyopo."

"Imepanda tangu ulipokaa. Sasa ni neno la kweli na aibu yake juu. Unataka nikufafanulie?"

"Sitaki. Nipe hivyo hivyo."

Mzani ukavua miwani, ukaifuta, ukaivaa tena. "Nimekufahamu siku nyingi," ukasema. "Sikutegemea."

Akageuka kuuruka mtaro, akakuta si mtaro tena, ni mfereji wa maji ya kuogea kama ulioko nyuma ya nyumba yoyote. Akauvuka kwa hatua ya kawaida. Ua wa Korogwe ulikuwa umejaa watu wa ile harusi, kila mmoja na sahani yake, na yule shemeji mbele yao.

"Mbaraka," akasema shemeji, "utamwoa tena?"

"Nitamwoa," akasema Mbaraka. "Na lile jibu langu la siku ile lilikuwa la kijinga. Nilitaka mcheke, na mkacheka. Yeye aliumia. Nilimwona anavyoumia huku anapiga kofi mezani, na nikanyamaza kwa sababu mlikuwa mnanisifu."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja aliendelea kutafuna. Saumu akaweka ungo chini, akamtazama mumewe, akafungua mdomo ajibu, na kengele ikalia.

Ilikuwa kengele ya simu, ya kumwamshia kazini. Mbaraka alifumbua macho asijue kama oda yake ilitimizwa au soko lilifungwa kabla. Akajilaza pale akijiambia ndoto ni ndoto, ni ule mkate mkavu. Kisha, ili ajitulize, akataka kulitamka lile jina.

Halikuwepo. Alikumbuka siku alipolitunga na mahali walipokuwa wamesimama, alikumbuka hata Saumu alivyomfinya aliposikia. Jina lenyewe lilikuwa limeondoka. Mtu huyu ambaye hajawahi kuogopa soko, akaogopa. Hakuoga, hakupiga mswaki, akachukua simu akapiga.

"Haloo."

"Saumu," akasema.

"Umeniita Saumu. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Nakuja leo. Nitaomba radhi mbele ya baba na mama, na kila aliyekuwa kwenye ile harusi nitamfuata kwake nimwambie. Nilikuona siku ile ulivyoumia. Nikanyamaza."

Mbaraka akasikia kuku wa Korogwe, na mtu akifagia.

"Nimesikia," akasema Saumu. "Na hilo la kuniita Saumu?"

Hapa dalali mwingine angetafuta maneno ya kupunguza makali. Yeye akalipa bei nzima. "Jina lako limenipotea. Nimeamka halipo. Najua ni vibaya, lakini ndivyo."

Akangoja akatiwe simu. Saumu aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya kununa.

"Ajabu. Alfajiri hii kapita mnunuzi wa vyuma chakavu hapa kwetu, na kipaza sauti. Anataja betri mbovu, anataja masufuria, halafu katikati anataja hilo jina. Mbaraka, nikajua ni wewe umekuja. Nimetoka mbio na mwiko mkononi mpaka barabarani, mama ananiita nyuma simsikii."

Mbaraka akaketi kitandani, upande wa mkewe.

"Alikuwa anasemaje?" akauliza. "Alitaja jina gani?"

"Njoo," akasema Saumu, "uambiwe."