Fungu la Baba Mdogo Ezra

Kwetu mlimani, juu ya kata ya Maji ya Chai, mbuzi wa Krismasi hagawiwi na akina mama. Baba mkubwa Gadiel ndiye anayemkata. Anapanga mafungu kwenye majani ya mgomba, kisha anaita jina la kila baba mwenye mji wake. Anayeitwa asipokuwepo, mtoto wake husimama akampokelea.

Baba yangu, Philemoni, alifariki wakati wa masika. Krismasi ya mwaka ule jina lake halikuitwa.

"Fungu ni la aliye hai," alisema baba mkubwa, bila ubaya wowote. Nyama yetu ilipelekwa jikoni, kwenye chungu cha wajane, pamoja na ya bibi. Lakini baba mdogo Ezra, aliyefungwa kwa kupasua mbao za msituni, aliitwa. Akasimama Hanna, binti yake, akapokea ubavu mzima kwa mikono miwili.

Nilimwonea wivu hadi nyama ya jikoni ikanishinda kumeza.

Hanna alikuwa anaishi kwetu. Mama yake alirudi kwao Kikatiti na mtoto mchanga, na mama yangu akasema mwanafunzi hahamishwi ovyo. Tukawa tunalala kitanda kimoja. Mama alimnunulia viatu kabla yangu, kwa kuwa vyangu vilikuwa bado vinashoneka. Viatu sikuvijali sana. Kilichoniuma ni Jumapili za kwenda gerezani. Mama alikuwa anampaka Hanna mafuta miguuni kama mtoto mdogo, wanashuka barabarani, mimi nabaki na ng'ombe. Wakirudi, Hanna ana habari.

"Baba ameota mvi hapa," aliniambia jioni moja tukikata majani ya ng'ombe, akijigusa juu ya sikio. "Ameniuliza hesabu naendeleaje. Nilivyomjibu, akacheka."

Wangu hakuwa na mvi mpya. Alikuwa vilevile kila siku, kwenye picha ya sebuleni.

"Wewe unaye," nikamwambia.

"Ninaye wapi?"

"Si huko gerezani? Mimi nikienda kaburini naongea na nani?"

Hanna aliendelea kukata. "Wewe shuleni wakikuuliza baba yuko wapi, unawajibu. Wanakupa pole. Mimi nawaambia yuko Tunduru, anachimba madini."

"Basi nipe Tunduru yako, nikupe pole zangu."

Hanna alijitwika mzigo wake akatangulia.

Krismasi iliyofuata ilipokaribia, nilimwomba mama amwambie baba mkubwa aite jina la baba. Mara moja tu, na mimi nisimame. Mama alikwenda. Nikiwa nje ya dirisha nilisikia jibu.

"Shemeji, nikianza kuita marehemu, nitaishia wapi? Mzee mwenyewe aliyetuzaa simwiti."

Siku ya siku, uwanja ulijaa ndugu. Loshoro, mahindi ya maziwa mgando, ilikuwa imeshapita mezani, na watu wanasubiri nyama. Bariki, mtoto wa baba mdogo mwingine anayekaa Sombetini, alikaa na vijana wenzake, spika za masikioni zimening'inia shingoni.

"Ezra!" aliita baba mkubwa.

"Lifungeni pingu hilo fungu, lisije likatoroka!" akasema Bariki. Vijana wakacheka.

"Funga domo lako, wewe!" baba mkubwa akamkemea.

Lakini Hanna hakusimama. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ezra!" Baba mkubwa alisubiri, kisu mkononi. "Hakuna mtu wa Ezra? Haya, lipelekeni jikoni."

Jikoni ni kwenye chungu cha wajane. Nilikijua chungu kile. Jina likishaingia humo, halitoki.

Nikasimama. "Nipo."

"Wewe ni wa Philemoni."

"Nakaa na Hanna, baba mkubwa. Nipe nimpelekee."

Baba mkubwa akaniwekea jani mikononi. Lilikuwa zito, na damu ilikuwa inachuruzika kwenye kiganja. Ukoo mzima ulikuwa unaniangalia. Mwaka mzima nilikuwa nimeitamani dakika hiyo, na sasa nilikuwa nimeipata kwa jina la mtu mwingine.

Nikaliweka mapajani mwa Hanna.

"Ungeliacha tu," akanong'ona.

"Liende kwa wajane? Baba yako hajafa!"

Sikukusudia kupaza sauti. Ilitoka hivyo, na mwishoni ikakatika. Vicheko kule kwa Bariki vilikoma. Mama alitokea mlangoni, akatuangalia, akarudi ndani.

Nyama ilipochomwa, Hanna alivunja mbavu mbili akaninyooshea.

"Sitaki," nikasema. "La baba yako hilo. Kula."

Akala. Nilikaa pembeni yake nikimtazama mpaka akamaliza, wivu ukiwa bado haujaniisha.