Namna Donatille Alivyokonda

Yote yalianza siku Donatille alipokoroma mbele ya Chama.

Mkutano ulikuwa uwanjani, karibu na kambi ya askari ya Katindo, hapa Goma. Jua lilikuwa kali, na komiseri mmoja mdogo, mwenye abacost, koti la Chama lisilo na tai, iliyombana shingo, alikuwa anasifu mapinduzi tangu asubuhi. Akafika mahali pa kunyamaza ili apigiwe makofi. Ndipo katika ule ukimya, kabla kiganja hakijakutana na kiganja, ikatoka sauti kwenye safu ya akina mama: khrrrr. Ndefu, yenye raha zake, na mwishoni kamluzi kadogo. Watu walicheka, halafu wakakumbuka wako wapi, wakaacha.

"Ni nani ule?" komiseri akauliza.

Zéphirin, mume wa Donatille, ambaye kazi yake ni kununua na kuuza ng'ombe, akaruka mbio. "Papa Komiseri, ni ndama yangu. Nimeifunga pale nyuma."

Ikapita. Lakini njiani Donatille hakumwacha apumue. "Ndama! Umeniita ndama mbele ya Zaïre nzima!"

"Afazali ndama kuliko citoyenne, raia muzima, mwenye kulala," Zéphirin akasema. "Ndama hawaifunge."

Na kweli, Donatille alikuwa analala popote. Alilala kanisani, alilala juu ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, alilala sokoni nyuma ya meza yake ya samaki kutoka Vitshumbi, wateja wakamwamsha ili wamlipe. Alikuwa mnene, mnene wa kweli. Kule kwao Masisi walimshibisha maziwa kabla ya arusi, kama wasichana wote wa nyumba zenye ng'ombe, naye baada ya arusi hakuona sababu ya kuacha. Zéphirin alimpenda vile. Donatille akipita, watu walisema ng'ombe wa Zéphirin wanakamuliwa kweli, na Zéphirin akarekebisha kofia yake. Kwenye makaratasi mama huyu aliitwa citoyenne Mukakalisa, maana majina ya watakatifu yalikuwa yamerudishwa mbinguni kwa amri ya serikali. Nyumbani alibaki Donatille, na hakuna mtakatifu aliyekuja kudai jina lake.

"Nimechoka kuchoka," alimwambia rafiki yake Apolline jioni ile. "Nikitoka soko na beseni, ninapumzika kwa kila jiwe. Na Goma hii ni mawe matupu."

Apolline alikuwa msusi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke asiyekosa dawa ya kitu chochote. Alichomoa ukurasa wa gazeti la Wazungu, lile lile ambalo Donatille alikuwa anafungia samaki. Palikuwa na picha ya mwanamke mwembamba anacheka peke yake mbele ya sahani. Mafuta ya samaki yalikuwa yamekula nusu ya maneno. Iliyobaki ilisema siki, ilisema kila asubuhi, ilisema kabichi.

"Siki kiasi gani?" Donatille akauliza.

"Samaki amefunika pale. Weka glasi."

Akanywa glasi nzima. Ole wake! Macho yalimtoka, akakimbia nyuma ya nyumba, na kuku wakamkimbia yeye. Kesho yake walipunguza siki wakaongeza tangawizi na limau, na mchana wakapika kabichi bila chumvi, chakula ambacho hata mbuzi wa Apolline alikinusa akageuka. Zéphirin alirudi, akafunua sufuria, akaifunika tena kwa heshima kama anafunika maiti, akaenda kula kwa dada yake.

Kisha ikaja habari ya kutembea. Sasa, nani Goma anatembea bure? Siku ya kwanza Donatille alipanda Mont Goma mikono mitupu, mbio mbio, na njia nzima watu wakamshika mkono: "Pole mama, nani amekufa?" Siku ya pili akabeba beseni tupu kichwani, na hakuna aliyemuuliza tena. Alipoona askari wa kambi wanakimbia asubuhi wakiimba, akajiunga nyuma yao, mbali kidogo, beseni likicheza kichwani. Mwanzoni alikimbia mpaka kwenye kona tu. Baadaye alifika juu, na zile nyimbo zao, ambazo nyingine mama wa Kikristo hatakiwi kuzijua, aliziimba zote kwa sauti kubwa kuliko koplo.

Usingizi ukamkimbia. Nguo zikaanza kumpwaya. Akaona shingo yake kwenye kioo, akaisalimu maana walikuwa wamepoteana tangu ubikira.

"Sasa nywele," akasema Apolline, ambaye alikuwa na uchungu wake. Mawigi yake mazuri yalikuwa yamelala ndani ya gunia la unga tangu serikali ilipoyakataza, basi alitafuta njia nyingine ya kuonyesha akili. Alichanganya mayai na chupa moja ya Primus, bia ya Zéphirin, akamsugua navyo Donatille kichwa kizima. Nzi wakamfuata mpaka sokoni na kurudi. Zéphirin hakuuliza habari ya mayai. Aliuliza Primus yake iko wapi, na alipoambiwa iko kichwani kwa mke wake, alikaa chini akavua kofia.

Mwisho walirudia kusuka kwa uzi mweusi, nywele zikasimama wima kama miiba ya nungunungu. Apolline alivuta kwa imani kubwa. Nyusi zilipanda, macho hayakuweza kufungika vizuri. "Hii ndiyo dawa ya usingizi," Apolline akasema. "Sasa ulale tena mbele ya Chama tuone."

Donatille alifurahi, ndiyo, kama mtoto. Ila hakuna aliyefurahi pamoja naye. Sokoni walimtazama nusu jicho. Mtu mnene akikonda Goma hii, kwani kuna sababu ngapi? Ana kifua kikuu, au amelishwa sumu, au mume anamnyima. Wenye huruma walisema ni Zéphirin anamnyima, naye Zéphirin akaanza kupita njia za nyuma. Wenye roho mbaya walisema kifua. Neno lilipanda kwenye lori la maziwa, likafika Masisi kabla ya wiki kuisha.

Na huko Masisi ndiko lilikokuwa tatizo.

Maana Donatille alikuwa na binti mmoja, Élisabeth, na Élisabeth alitakwa na mwalimu kijana, Télesphore, ambaye mama yake aliitwa Mukantwari. Huyu Mukantwari alikuwa mjane mwenye ng'ombe wengi na maneno machache. Alituma habari: atakuja mwenyewe, pamoja na shemeji yake muzee Hitimana, aone nyumba. Kila mtu alielewa. Haji kuona nyumba, anakuja kuona kifua cha mama. Nani atamwoza mwanawe mahali penye kikohozi?

"Mama," Élisabeth akalia, "wakikataa, miye mi nakufa."

"Huwezi kufa. Nani ataosha vyombo?" Donatille akajibu. Wiki zote zile alikuwa anaonja peke yake neno bamwana, lile ambalo mzazi wa bwana na mzazi wa bibi wanaitana, na lilikuwa tamu kuliko chumvi aliyonyimwa na Apolline. Sasa aliona linamtoka mdomoni kwa sababu ya glasi ya siki.

Zéphirin ndiye aliyeleta mto. Mto wa kitandani, wa pamba, mkubwa. "Mbele," akasema. "Na vitenge vinne juu."

"Nimepanda ule mulima kila asubuhi ili univalishe kitanda?"

"Siku moja tu, Donatille. Wakisha kukubali, konda mpaka upotee."

Donatille alimtazama binti yake, akanyanyua mikono. Apolline akafunga mto kwa nguvu ile ile aliyofungia nywele. Majirani wakaambiwa kama kawaida: hakuna kuingia kabla ya vigelegele. Vigelegele ndiyo alama kwamba mtoto wa kike ametolewa na amepokelewa, na baada ya vigelegele kuna kula na kunywa. Basi wakakaa nyuma ya ua wao na njaa zao, masikio yamesimama.

Mukantwari akashuka kwenye lori. Alikuwa mkubwa kama kabati, na kutoka barabarani hadi mlangoni alisimama mara nyingi, mkono kiunoni, akijifanya anaangalia volkano. Donatille akatoka kumpokea, macho wazi kabisa kwa sababu ya uzi, anatabasamu.

Wote wawili walisahau jambo moja, Zéphirin na Apolline, na hata leo mimi sielewi watu wa kwetu wanaweza kulisahau vipi. Watu wetu hawapeani mkono wakaachana. Wanakumbatiana. Na hawakumbatiani kidogo: mkono unapita begani, unashuka mgongoni, unashika kiuno, na wakati huo wote unauliza habari za ng'ombe, za mvua, za watoto mmoja mmoja. Mukantwari alianza na ng'ombe. Alipofika kwenye mvua, mkono wake ukakuta mto. Ukasimama. Ukaminya. Mto ukateleza pole pole, ukahamia ubavuni.

"Mvua iko muzuri," Donatille akasema kwa sauti ndogo.

Habari za watoto hazikuulizwa.

Wakaingia, wakakaa. Muzee Hitimana akasema maneno mazuri, maana yeye alisema kadiri alivyominywa paja na Mukantwari, na bado hakuwa ameminywa vibaya. Zéphirin akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na mrija mmoja, kama ilivyo desturi. Akaonja kwanza yeye, wageni wajue haina sumu. Akampa Hitimana, ambaye alikaa sana kwenye mrija. Akampa Donatille. Donatille akavuta, akamwekea Mukantwari kibuyu mbele kwa mikono miwili.

Mukantwari akautazama ule mrija. Akaugeuza. Akaurudisha.

"Munipatie mrija mwingine," akasema.

Ee, mama! Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtu anayekataa mrija wako anakataa mate yako, na anayekataa mate yako hawezi kuchukua damu yako. Zéphirin aligeuka rangi ya majivu. Kule jikoni sahani ilianguka, ikavunjika.

Hitimana, ambaye alikuwa ameminywa sasa, akakohoa. "Siku hizi, unajua, kuna magonjwa. Tutarudi kuongea, pengine kiangazi..."

Donatille alisimama. Aibu ilimwishia pale pale, ikabaki hasira. Akaingiza mkono chini ya vitenge, akavuta, akavuta tena, fundo la Apolline likakatika, akatupa mto chini katikati ya nyumba.

"Muangalie muzuri! Ndiyo ugonjwa wangu ule. Ni pamba! Nilikunywa siki, nilikula majani kama sungura, nilipanda mulima na beseni tupu kichwani batu banicheke, sababu nilichoka kulala kama mufu. Nani alisema niko na kifua? Mutu wa kifua anaimbaka na basoda kila asubuhi? Mama Mukantwari, unataka kuona kifua? Sikiliza kifua!"

Akavuta pumzi, akafungua mdomo, akapiga vigelegele.

Sijui kama alifikiri. Wengine wanasema alipanga, wengine wanasema mama akiwa na uchungu anatoa sauti aliyo nayo. Ninachojua ni kwamba ile sauti ilitoka, ikapanda, ikakaa huko juu haishuki. Ilipita mabati ya Katindo yote, ikavuka ukuta wa kambi. Uzi mmoja kichwani ukakatika, ta! Wa pili, ta! Nywele zikalala upande mmoja, naye bado hajavuta pumzi nyingine.

Na nyuma ya ua, wenye njaa wakasikia.

Waliingia kwa mlango na kwa jikoni, Apolline mbele na kitambaa hewani, wakicheza. "Félicitations! Hongera! Mutoto ametoka! Mutoto ametoka!" Walimwangukia Mukantwari wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, mkono begani, mkono mgongoni, ng'ombe wako je, mvua je, Télesphore je. Askari walipiga makofi barabarani bila kujua ni kwa nini, kama walivyozoea. Hitimana alikuwa amekwisha kusimama anacheza, kasiksi haina subira. Zéphirin, ambaye si mjinga, alijaza kila kikombe kilichokuwa karibu.

Mukantwari angeweza kuzima yote kwa neno moja. Alinyanyua mkono, na watu wakanyamaza, na Donatille akaona neno linakuja. Machozi yalikuwa yanamshuka, maana yalikuwa mengi, na kwa sababu ya nyuzi zilizobaki macho hayakufungika. Élisabeth alisimama mlangoni na kipande cha sahani mkononi.

"Ule mulima," Mukantwari akauliza, "unaupandaka mpaka juu?"

"Mpaka juu, mama."

"Na pumuzi haikatike?"

"Mwanzo ilikatika. Sasa hapana."

Mukantwari akatazama magoti yake mwenyewe, akatazama mlango na ile njia ya mawe nje, ambayo jioni angepaswa kuirudia. Kisha akavuta kibuyu, akaweka mdomo kwenye mrija ule ule, akanywa. Alikunywa pole pole, nyumba nzima ikimhesabia mafunda, mpaka kibuyu kikalia kuruu, kuruu.

Akapangusa mdomo.

"Bamwana," akamwambia Donatille, "niletee ule muto. Mugongo inaniuma."